Unga Nilioficha Kwenye Mkokoteni

Nimewahi kupanda kilima mbele ya watu tisini nikiwa nimevaa kofia ya mzee wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa, gunia la unga kichwani, na mwanamke niliyetaka awe mama mkwe wangu akinitazama.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kusini mwa Joburg. Sikuwa nimelewa. Kanisani kwetu bia hatunywi, hata chai ya rangi hatunywi.

Naitwa Parfait, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, mlinzi wa ghorofa moja pale Hillbrow.

Waanzilishi wa kanisa letu, zamani huko Amerika, walivuka nyika kwa miguu wakivuta mali zao kwenye mikokoteni. Basi kila baada ya miaka michache sisi vijana tunaiigiza safari ile. Siku mbili, mikokoteni ya mbao, nguo za kizamani. Suspenda zangu, zile kanda za begani za kushikilia suruali, nilizinunua Fordsburg, muuzaji akaniuliza ni harusi ya nani.

Nikamwambia yangu, Mungu akipenda.

Sikuwa natania. Jumamosi iliyofuata wajomba zangu walipaswa kwenda Turffontein kwa Mama Marcelline, kupeleka posa ya binti yake Murielle. Murielle alishakubali. Lilibaki neno la mama tu.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole wa kutisha.

"Ngoja kwanza. Nitakuangalia njiani."

Kwenye msafara watu hugawanywa katika familia za kuigiza, watu kumi kwa mkokoteni mmoja. Yeye akapangwa kuwa Mama wa familia, mimi na Murielle tukaangukia kwake. Wenzangu waliniambia nina bahati. Mimi niliona mtihani.

Na Mama Marcelline humdanganyi kuhusu kutembea. Mwaka wa tisini na sita, vita vilipoingia Uvira, alitembea siku tisa mpaka mji wa Baraka, mtoto mgongoni.

Miguu haikunitia hofu. Mlinzi anasimama saa kumi na mbili mfululizo. Hofu yangu ilikuwa tumbo.

Kaka Damien, kiongozi wa msafara, alitangaza kwamba tutakula kama waanzilishi: kipande cha mkate mchana, supu jioni. Kila mtu ndoo moja ya vitu vyake, basi. Simu akazikusanya, ndoo akazikagua moja moja.

Mikokoteni hakuikagua.

Alfajiri, wenzangu wakiwa wamefumba macho kwenye sala, nikasogea taratibu. Chini ya turubai la hema nikasukumia gunia: unga wa mahindi kilo kumi na mbili na nusu, na mikebe sita ya samaki. Nikajiambia wanaume ndio tutakaovuta, nani atajua.

Saa nne tukafika chini ya kilima kikali. Kaka Damien akapuliza filimbi.

"Wanaume wote, ondokeni kwenye mikokoteni. Hapa dada zetu watavuta peke yao, kuwakumbuka wanawake waliobaki bila waume njiani. Ninyi mtasimama kando, kofia mkononi, kimya. Mwanaume asiguse mkokoteni."

Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia.

Tukajipanga kandokando ya njia. Wenzangu walikuwa wanafuta machozi kwa kuguswa. Mimi pia nilikuwa nalia, kwa sababu zangu.

Mikokoteni mingine ikapita. Wetu ulifika nusu ya kilima ukasimama, kisha ukaanza kurudi nyuma. Murielle alikuwa mbele, sketi ndefu imejaa vumbi, viatu vinateleza kwenye kokoto.

"Eish, huu mkokoteni una nini?" akasema akihema.

Mama Marcelline alikuwa nyuma, bega kwenye mbao. Aliinua uso, na kati ya wanaume wote waliojipanga mstari akanitazama mimi.

Nikapiga hesabu haraka. Nikinyamaza, labda watafika juu na siri itabaki siri. Nikisema, Jumamosi imekwisha, na wajomba wameshanunua mashati.

Murielle akaangukia goti moja.

Nikatoka kwenye mstari.

"Parfait, rudi," Kaka Damien akasema.

"Siugusi mkokoteni, kaka. Nachukua changu."

Nikafunua turubai upande mmoja, nikavuta gunia, nikalitwika kichwani. Ile mikebe ikagongana, kilima kizima kikasikia. Kuna mtu akacheka, halafu wakacheka wengi.

Murielle hakucheka.

"Parfait. Ni unga?"

"Unga."

"Na nini tena?"

"Samaki. Mikebe sita."

"Tutaongea juu," akasema, akainama kuvuta tena.

Nikapanda mbele yao, aibu imenijaa mpaka masikioni. Lakini kila nikigeuka nashangaa. Mzigo wangu umetoka na mkokoteni bado unasonga kwa shida vilevile.

Walipofika juu, Kaka Damien akalivuta turubai lote kwa hasira.

Chini kabisa kulikuwa na sufuria ile kubwa ya kupikia msibani. Ndani yake jiko la gesi, mwiko, galoni ya mafuta na makayabu, ile samaki ya chumvi, imefungwa gazetini.

Mama Marcelline akajifuta jasho.

"Ile iko yangu."

"Mama, sheria ya msafara..."

"Damien, mwanangu, miye nilitembea siku tisa. Siku ya tatu chakula kikaisha, na mtoto iko mgongoni. Nikaapa sitatembea tena bila chungu. Hata kwa mchezo."

Kaka Damien akaivua kofia yake.

Kisha mama akanigeukia.

"Na weye, asubuhi nilikuona ukificha. Nikasema, huyu anajua safari. Lakini kilima nilijua kinakuja. Nikataka kuona kama utamwacha mutoto yangu avute unga wako."

Nikatazama viatu vyangu.

"Ulichelewa," akasema. "Lakini ulikuja. Jumamosi wajomba waje mapema. Na waje na unga mwingine, huu tunaupika."

Tukapika bugali, ndio ugali wetu wa Kongo, wa watu tisini, kila mtu matonge mawili. Kaka Damien aliitazama ile sufuria, akautazama mkate wake.

"Waanzilishi nao wangekula kama wangepata," akasema. Alirudi mara mbili.

Murielle alininunia mpaka jioni. Leo ni mke wangu, na hatutoki hata kwenda Fordsburg kabla hajakagua begi langu.

Wewe unayetaka kuoa, nisikilize. Mzigo unaouficha kuna mtu anauvuta. Na mara nyingi ni yule unayempenda.