Mchoro wa Tatu

Siku ya kumi na tisa mshonaji alitega sikio kwenye sanduku akasikia vifaranga wakilia ndani ya mayai. Zilibaki siku mbili. Mashine hiyo ya kutotolesha aliiunda mwenyewe kwa mbao za kabati bovu. Mayai thelathini yalikuwa ya dada yake, mabaki ya banda lililofagiwa lote na ugonjwa; akampigia simu kumwambia wanalia.

Asubuhi hiyo transista, kijisehemu kinachowasha na kuzima balbu ya joto, ikaungua. Akabandua nyingine kwenye redio mbovu, akaiunga, balbu ikagoma kuwaka. Akaipiga picha saketi, akaituma kwenye kundi la mafundi mtandaoni.

"Ndugu zangu, msaada. Nina mayai ndani."

"Hii umeungia jikoni, mama?"

"Mwacheni, anakaanga mayai."

Vicheko vikamiminika. Mkuu wa kundi, aliyejiita Injinia, akakata shauri: "Hapa hatusomi picha. Lete mchoro. Kwa rula."

Mayai yasipoe, mshonaji akaunganisha balbu moja kwa moja na umeme. Sasa ilibidi aichomeke na kuichomoa kwa mkono, jicho kwenye kipimajoto. Akachukua rula yake ya kukatia vitambaa, akachora. Injinia akaukataa: mistari inakatana. Akachora tena. Akaukataa: hakuna vipimo. Wa tatu ukapata jibu moja tu: "Angalau unajitahidi."

Alipogeuka, kipimajoto kilikuwa kwenye arobaini na sita, nyuzi nane juu ya kiwango. Akachomoa balbu, akatega sikio. Kimya.

Haraka ikawa imekwisha. Akazisoma namba za transista zote mbili, akagundua kwamba ile ya redio miguu yake imepangwa kinyume. Akaigeuza, balbu ikawaka na kuzima yenyewe, bila kosa. Akaliandikia kundi, mwingine asije akahangaika.

Injinia akajibu papo hapo: "Niliiona tangu picha ya kwanza. Nilitaka ujifunze mwenyewe, mama."

Chini yake vikapangana vidole gumba, kimoja baada ya kingine.

Mshonaji akapasua yai kwenye bakuli. Kifaranga alikuwa mzima wa viungo, manyoya yamemgandia, mdomo wazi. Akalaza rula kando yake, akapiga picha, akaituma.

"Hii umeielewa, Injinia, au nichore?"

Akajitoa kwenye kundi. Hakuwa na hamu ya jibu, na simu ilikuwa imeshaanza kuita.

"Mdogo wangu," dada akauliza kwa furaha, "bado wanalia?"