Kumwashia Bibi Sigara

Nilijifunza kuvuta sigara kwa kutumwa. Tuliishi wawili tu Pasiansi, mimi na bibi yangu mzaa mama. Mama alikuwa Busisi akiwauzia chakula abiria wa kivuko; angekuja akipata nafasi, na nafasi haikupatikana. Bibi alikuwa na magoti mabovu. Zahanati walisema mifupa inasagana, akandwe kwa maji ya moto kila jioni. Kabla ya kumkanda nilikwenda jikoni na sigara yake, nikaiwasha kwenye kaa kwa kuivuta mara mbili tatu, nikamletea. Kiberiti hakukitaka, alisema kinaharibu ladha. Aliigeuza akavuta upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo, kama wanawake wengi wa rika lake kwao Ukerewe. Mimi nilikuwa nimeshaonja.

Kufika kidato cha pili nilikuwa navuta zangu. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila kibanda kinauza sigara moja moja, na hakuna aliyeuliza umri. Wavulana walivuta kwa makundi. Mimi nilijificha nyuma ya mawe, peke yangu, maana msichana angevuta na nani?

Ndipo wakaja shuleni watafiti wa afya, wakitafuta vijana wanaotaka kuacha sigara. Mwalimu akaita wavulana tu. Niliwangoja langoni, nikamwambia muuguzi wao kwamba na mimi navuta. Hakushangaa, nikampenda kwa hilo. Akatoa karatasi ya maswali.

“Nani alikupa sigara ya kwanza?”

Bibi yako humwandikishi kwenye karatasi ya serikali. Nikasema, “Rafiki.”

“Basi, mdogo wangu, mkwepe huyo rafiki. Hasa ile saa mnayovuta.”

Sikuwa na rafiki hata mmoja. Ushauri niliufuata vilevile, kwa ukaidi wangu. Jioni ile bibi aliponiita, nilisema nina masomo. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Maji ya kumkanda nilimwekea miguuni nikaondoka, kwa sababu nikikaa pale moshi ungenishinda. Siku tatu aliniita. Ya nne hakuniita. Nilimsikia akijikongoja kwenda jikoni huku ameshika ukuta. Sijawahi kukaa nyumba moja na mtu nikawa mpweke kiasi kile. Lakini nilikuwa naacha, na nilijivuna.

Mwezi ukaisha sijavuta. Siku muuguzi aliponipongeza nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta bibi sakafuni jikoni, sigara mkononi haijawashwa, moto umezimika zamani. Alikuwa ameanguka tangu asubuhi.

“Bibi! Mbona hukumwita jirani?”

“Nimwite nimwambie nini? Kwamba mjukuu wangu amenichoka?”

Nikapiga magoti nikamweleza yote: watafiti, maswali, na yule rafiki niliyemtunga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ungesema, mama,” akajibu. “Ungeniletea kaa kwenye kifuniko, nikawasha mwenyewe.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilijua kutaja sehemu zote za pafu kwenye mtihani, lakini kaa kwenye kifuniko sikulifikiria. Nilimbeba hadi kitandani, nikamkanda hadi maji yakapoa, naye hakuomba sigara. Goti la kushoto halikumsimamisha tena. Mimi sijavuta mpaka leo, na watu wakinisifu kwa hilo huwa nanyamaza.