Riwaya Iliyonishinda, Mume Wangu Akaimaliza

Nina mwandishi mmoja ninayempenda tangu nikiwa shule ya upili. Vitabu vyake ni vya watu kama sisi: wapangaji wanaogombania kamba ya kuanikia nguo, mawifi wasioelewana, shangazi anayekuja kusalimia na kukaa mwezi mzima. Akiandika pilau, unasikia harufu. Niliposikia ametoa riwaya mpya, niliinunua bila hata kusoma nyuma ya jalada, na Jumamosi nikaenda nayo saluni.

Msusi wangu yuko hapa mtaani kwetu Lucky Summer, mwanamke mcheshi ambaye mikono yake haichoki, wala mdomo. Rasta ndogo ndogo huchukua mchana kutwa, kwa hiyo tumezoea: yeye anasuka, mimi namsomea kwa sauti.

"Haya, dadangu, tuanze," akasema akichambua nywele. "Safari hii nani anaolewa?"

Hakuna aliyeolewa. Kulikuwa na mhandisi aliyeunda mashine chumbani kwake, akaingia, akabonyeza kitufe, akatokea Nairobi ya zamani, kabla babu zetu hawajaoa. Nilifurahi. Nilidhani sasa tutaona mitaa yetu ilivyokuwa, watu walivyovaa, walivyotongozana. Badala yake mhandisi alisimama barabarani akaanza kuwaza wakati ni kitu gani. Aliwaza mpaka sura ikaisha.

"Ngoja kwanza," msusi akanikatiza. "Huyu mtu tangu afike amekula?"

"Bado."

"Analala wapi?"

"Haijasemwa."

"Na hakuna hata mtu wa kumsalimia niaje?"

Alikuwapo msichana mmoja, lakini kila akifungua mdomo alitoa hotuba. Niliendelea kwa sababu ya heshima tu, sauti ikizidi kufifia. Baadaye nikahisi mikono imetulia kichwani mwangu. Kutazama kioo, msusi anasinzia wima, kitana mkononi.

Tulicheka, ila moyoni niliumia. Ilikuwa kama rafiki wa siku nyingi amekuja nyumbani akakataa chai.

"Wachana nacho," msusi akaniambia. "Mimi ukinipa hiyo mashine, narudi siku ya harusi yangu."

"Umkimbie bwana harusi?"

"Hapana! Nikale. Walinizungusha na mapicha siku nzima, sikuonja hata kipande cha nyama."

Nilirudi nyumbani nikakitupa kitabu kwenye kochi. Mume wangu ni fundi wa friji, na kusoma kwake ni habari za mpira basi. Kesho yake nilimkuta amelala chali, kitabu kifuani, mechi inaendelea bila yeye.

"Mama watoto, umeona alivyoiunganisha hii mashine?" akaniuliza. "Amefikiria hadi joto litatokea wapi!"

Sikuwa nimeona. Kurasa hizo nilikuwa nimeziruka.

Alipokimaliza alinipeleka soko la Burma kula nyama choma, kitabu mfukoni mwa koti. Nyama ilipofika akatoa mifupa kwenye ubao na kuipanga. "Huu ni leo. Huu ni zamani. Akirudi hapa anajikuta mwenyewe mlangoni. Umeelewa?"

"Sijaelewa. Na yule msichana je?"

"Msichana gani?"

Basi tukaanza kubishana. Mimi natetea watu, yeye anatetea mashine, kachumbari inaisha bila kuonekana nani anaila. Miaka yote ya ndoa tumebishana kuhusu mambo mengi, lakini kitabu hakijawahi kuwa mojawapo. Nilijikuta nataka ubishi uendelee, ingawa riwaya yenyewe bado naiona mbovu na sitabadilisha neno.

Tulipokuwa tunanawa mikono akauliza, "Huyu jamaa ameandika vingine?"

"Vingi. Ni vya watu na majirani zao."

"Havina mashine?"

Nikafikiri. "Kimoja kina cherehani."

"Basi nianzie hicho."

Sasa amefika katikati. Juzi aliniita kutoka jikoni, amekasirika kabisa, anataka kujua kwa nini yule mwenye nyumba wa kitabuni hajapelekwa kwa chifu.