Mashini ya Kaseti Yenye Ilienda Lukafu

Ninyi bijana mutasoma hii, mujue kwanza kama siandike juu munihurumie. Munakuyaka mu nyumba yangu ya Katuba, munaona televizio yenye tumbo na mashini ya kaseti chini yake, munaanza kucheka. Munaulizana chini-chini kama nkambo, bibi yenu, hana batoto ba kumununulia écran plat, ile televizio nyembamba. Batoto niko nabo. Na écran plat ilifikaka humu ndani, iliikala, na miye njo niliitosha inje. Muweke telefone zenu chini, musome. Masomo nilisoma kidogo tu kwa bamasista, mukikuta makosa mupite.

Ilikuwa wakati bei ya mukuba, ile shaba yetu, ilianguka na makampuni ilianza kufunga, moja nyuma ya ingine. Asubui mulango iko wazi, magaribi iko na cadenas, kufuli kubwa. Bapatron balipanda ndege bila kuaga muntu. Mu avenue yetu baume baliikala mbele ya mulango ya parcelle zabo saa ya kazi, banaangalia miguu yabo. Mama mwenye alikuwa anauzisha samaki ya kukauka karibu na kwetu alikunja meza yake, akarudi kwabo.

Mutoto yangu wa kwanza alikuwa anaendesha camion ya patron mumoja wa Golf, kule kwa batajiri, nyumba kubwa, majani ya kukatwa sawa nywele. Ule patron naye alikimbia. Bafanyakazi balienda kumungoja ku mulango yake, na sentinelle, mulinzi wa pale, akabafungulia, akabaambia hakuna muntu, kila mumoja achukue chenye anaweza, ile njo mushahara. Mumoja alibeba frigo. Mwingine matelas. Wangu alibeba televizio nyembamba sawa kibao, pamoja na lecteur yake, mashini ya DVD.

Alifika nayo ku pousse-pousse ya kusukuma, alikuwa ameifunika na rideau, pazia ya patron, batoto ya avenue yote nyuma yake. Alikuwa na furaha. Mu nyumba hakukuwa hata kikombe ya bunga. Nilimuuliza paka neno moja tu.

“Ile kitu banakulaka na mboga gani?”

Aliingia, akashusha televizio ya zamani pa commode, ile kabati fupi ya salon, akapandisha ya kwake. Akasema ile ya baba ilikuwa na tumbo sawa mwanamuke wa mimba, hata haya haisikie. Nilimuambia ile tumbo njo ilimukuta angali anakojoa ku kitanda. Muke yake naye akakuya na télécommande mu mukono, asema mama, ikala hapa, mu hii unaona mpaka bipele ku uso ya bantu. Nilimujibu kama bipele ya bantu sikuwahi kuitafuta.

Kuanzia siku ile nyumba haikukuwa nyumba tena. Courant, ule umeme, ikirudi tu, avenue yote ilikuwa mu salon yangu, na viatu ya matope. Stabilisateur ya courant inanguruma sawa mbwa, bantu banapiga kelele, na miye niko inje na mbabula, jiko ya makala, ninapepea moto juu ya sombe ya jana, majani ya mihogo. Courant ikienda, banatoka bila kusema aksanti. Ku commode inabakia paka kibao kyeusi kyenye kinanionyesha uso yangu. Sikukipenda.

Sasa mujue kitu gani kilikuwa mu mashini ya kaseti.

Bwana yangu alifanya kazi ku fourneau ya kuyeyusha mukuba maisha yake yote, na alikuwa muntu wa kunyamaza. Ukimupikia muzuri, ananyamaza. Ukimupikia mubaya, ananyamaza pia, anakohoa, anatoka. Siku moja tu alisimama mbele ya bantu. Ni siku ya ndoa ya binti yetu, balikuwa banamuita atie mutoto mu mikono ya babukwe. Alitosha kofia, akakohoa, akasema: “Huyu mutoto, miye nilimupatia paka jina. Mama yake njo alimulea. Mukitaka kushukuru, mushukuru yule kule nyuma.” Halafu akaikala. Miye nilikuwa kule nyuma, mikono mu masahani. Ku nyumba hakuniambia kile kitu mbele ya ile siku, wala nyuma yake.

Muntu wa kamera alikamata yote mu kaseti. Bwana yangu alikufa, na kila mwaka siku ya kifo yake tulikuwa tunapika, batoto banaikala ku mukeka, tunaingiza ile kaseti. Haikukuwa juu ya kulia. Ilikuwa juu ya kumusikia. Bajukuu bangu hawakumujua, lakini balijua namna anakohoa mbele ya kusema, na bengine balikohoa pamoja naye, banacheka, na miye ninabaacha.

Ile mwaka ya njaa, kabla ya ile siku ya kifo kufika, mutoto yangu aliingiza mifuko mbili ya mahindi. Asema kuko rafiki yake anakulima kule mugini Lukafu, njo alimupatia. Nilishukuru Mungu, nikapeleka ku moulin basage, tukakula bukari, ule ugali wetu, tukashiba. Hakuna mwenye alinifungulia kinywa juu ya bei yake.

Siku ilipokaribia, nikalomba batoshe mu chumba yabo mashini ya kaseti na televizio yake, niipanguse. Muke ya mutoto yangu alikamata sufuria yenye ilikuwa safi, akaanza kuisugua. Nikajua kuko jambo.

Mutoto yangu alisema, macho chini, kama mashini na televizio ilienda Lukafu. Ule rafiki yake ana groupe, mashini ya kutosha courant, anaonyesha bantu ya kule mafilme. Mahindi tulikula njo ilitoka mule. Halafu akainua kichwa haraka, asema nisiogope, kaseti iko, aliipeleka ku studio batie picha yake mu DVD. Asema nitamuona baba mu écran plat, mukubwa, safi, sawa muntu mwenye iko pa mulango.

Nilitaka nione kwanza.

Siku ilifika, courant ilikuwa. Tuliikala wote. DVD ikaanza na maua ya kuruka, roho nyekundu, picha ya mioyo, zinafunguka, njiwa zinapita. Uso ya bwana yangu ikatoka katikati ya ua ya rose, ikazunguka, ikarudi. Batoto bakapiga mikono. Nikangoja. Kisha akasimama pale, mukubwa kweli, nikaona kifungo ya koti yenye nilimushonea na uzi ya rangi ingine. Alitosha kofia. Alifungua kinywa.

Na chorale ya kanisa ikaimba.

Midomo yake inaenda, na bamama banaimba. Nikangoja wimbo iishe. Ingine ikafuata. Yeye akaikala.

Mujukuu mumoja akauliza nkambo mwanaume anasema nini.

Asubui nilienda ku studio na miguu. Ule kijana alinipa kiti, alinipokea na heshima, sisemi uongo. Nilimuuliza sauti ya bwana yangu aliitupa wapi. Akashangaa. Asema DVD bila nyimbo na maua, bantu banarudishaka, banasema kazi haiyaisha. Zile nyimbo aliongeza yeye mwenyewe, juu ya heshima ya marehemu.

“Na tena, nkambo, ile sauti ilikuwa muchafu. Kuku, masahani, muntu moja anakohoa. Nilisafisha.”

“Mwenye alikuwa anakohoa njo bwana yangu.”

Alinirudishia kaseti na mikono mbili. Ilikuwa muzima. Lakini mashini yake ya kaseti, ile kazi ilipokwisha, courant iliiunguza, na mu Katuba yote kila mwenye nilimuuliza alikwisha kutupa ya kwake, ao kuigeuza kiti ya redio. Bote balikuwa na balecteur ya DVD.

Nilirudi. Salon ilikuwa imejaa, bantu banaangalia mupira. Nilienda kusimama mbele ya écran. Mumoja akasema mama, unatufunikia. Nikabakia pale mpaka wa mwisho alitoka.

Mutoto yangu akasimama. Asema mama, ile kitu njo jasho yangu yote, sikupewa kitu kingine. Hata mahindi, asema, si ulikula nawe?

“Nilikula,” nikamuambia. “Na jasho utatosha ingine, mikono unayo. Baba yako hatasema tena.”

Kisha nikaita muke yake na batoto bote, basikie pamoja, nikabaambia:

“Kesho asubui mufunge hii écran plat mu blanketi yangu, na lecteur yake, na ile DVD ya maua. Mupande camion ya mahindi, muipeleke Lukafu. Mumupatie ule muntu yote, murudishe televizio ya tumbo na mashini ya kaseti. Na mpaka irudi, mu hii nyumba muntu asiimbe.”