Amin ya Chumba cha Nyuma

Nilipoletwa Mambrui kutoka visiwani, mume wangu alikaa nami siku chache tu, kisha akarudi Mombasa kwenye kazi yake ya bandarini. Nyumba ilikuwa ya wazazi wake, marehemu wote wawili, nami nikaachiwa funguo. Yeye alikuwa akija kila mwisho wa mwezi. Upweke ulinizidi hata nikawa naamkiana na kuku wa jirani.

Kilichoniokoa ni chumba cha nyuma cha msikiti. Kilikuwa na mlango wake wa uchochoroni, na pazia upande wa wanaume. Kila Ijumaa wanawake tulikutana humo, tukasali Alasiri, kisha ikawa darsa. Mwalimu wetu alikuwa mjane mtu mzima, hana mtoto, na darsa yake ilikuwa nusu aya, nusu habari za mji. Wenzangu walinicheka kwa maneno yangu ya kisiwani, nami nilipenda kuchekwa, maana ili uchekwe lazima kwanza usikilizwe.

Ilikuwa miaka ya themanini, watu wanaongezeka, na siku za Ijumaa wanaume walisongamana mahali pa kutawadhia hata wengine wakapitwa na rakaa ya kwanza. Shida ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana. Kamati ikawaita jamaa wa msikiti wakutane. Nasi tukakaa upande wetu wa pazia, tukasikiliza.

Nitawapa haki yao: sijapata kusikia mkutano wenye adabu kama ule. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mwenyekiti, mzee mpole ambaye hata mimi mgeni aliniita mwanawe, alimpa kila mtu zamu yake. Mmoja akasema mifereji ya kutawadhia iongezwe. Mwengine akauliza itawekwa wapi. Wa tatu akasema, "Si kile chumba cha nyuma kipo?" Wote wakaona ni shauri jema.

"Yuko mwenye neno?" akauliza mwenyekiti.

Neno nilikuwa nalo, limenijaa kifuani. Lakini kwetu mwanamke hapazi sauti msikitini. Akiwa na neno hulipeleka kwa mwanamume wa nyumbani kwake, mume au kaka au mwana, naye akamsemea. Wangu alikuwa Mombasa, na kaka zangu kisiwani. Nikamgeukia mwalimu.

"Bibi, ni chumba chetu hicho."

"Nasikia, mwanangu," akanong'ona. "Mimi wa kunisemea sina. Wewe unaye?"

Mwenyekiti akasema basi na isomwe Fatiha, na kwetu Fatiha ikishasomwa shauri limefungwa. Ikasomwa, ikafuatwa na dua, wanaume wakaitikia amin, nasi kwa mazoea tukaitikia amin. Nani atasikia dua asiitikie?

"Alhamdulillahi," nikamsikia mwenyekiti akisema kwa furaha, "na kina mama nao wameridhia."

Mafundi walikuja wiki ile ile. Darsa ikahamia nyumbani kwa mwalimu, lakini haikudumu. Alianza kuugua, na mpwa wake akaja akamchukua kwenda Tezo. Wenzangu wakarudi kwa mama zao, dada zao na mawifi zao. Mimi sikuwa na wa kumrudia.

Mume wangu alipokuja nilimweleza huku nalia. Akakasirika, akamwendea mwenyekiti. Alasiri mzee akaja mwenyewe, akapiga hodi, akaketi barazani, nami nikasimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Haya mwanangu, nimekuja. Sema neno lako."

Nikasema yote. Nikamwambia kwamba mle ndimo tulimojuana, kwamba mgeni kama mimi hana pengine pa kuingilia mji, na kwamba amin yetu ilikuwa ya dua, haikuwa ya mifereji. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alitikisa kichwa kwa huruma.

"Maneno mazuri haya," akasema. "Laiti ungeyasema siku ile."

Akaondoka ameridhika kuwa amenisikiliza, mume wangu akamsindikiza, wakizungumza. Kesho yake mume wangu naye akarudi Mombasa. Nikawa nasali nyumbani, Ijumaa baada ya Ijumaa, na hakuna aliyepata kuniuliza mbona sionekani.