Barafu Uani kwa Madam

Mnaodhani Riyadh ni jua tu, sikilizeni. Nilipokuwa dereva huko, adhuhuri moja mvua ya mawe iliufanya ua wa bosi mweupe pe, kama theluji. Mama yake madam, bibi kizee aliyezoea kutembezwa kwa kushikwa mkono, akafungua mlango mwenyewe, akatoka miguu mitupu.

"Rudi ndani, mama! Baridi itakuua!" madam akapiga kelele.

Bibi akainama, akachota barafu kwa viganja viwili, akamrushia bintiye kifuani. Mimi na mpishi tukatazamana kwa hofu. Madam akajitazama alivyolowa, akavua viatu, naye akachota.

"Yalla, mama, kimbia!"

Tulicheka sote mpaka barafu ikayeyuka. Mafua waliyapata wote wawili, na hakuna aliyelalamika.