Kofi Lionekane, Busu Lifichwe? Mkono wa Mama Kiganja Wazua Mjadala

Saa tisa alasiri, nje jua linawaka, ndani madirisha yamefungwa na ni giza la kutafuta kiti kwa kupapasa. Kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kijana wa kwenye filamu anamkimbilia mchumba wake kituo cha treni. Anamshika mkono. Wanatazamana. Muziki unapanda.

Nyuma kabisa, juu ya stuli, mwanamke wa miaka hamsini na mbili amekaa ubavuni mwa projekta, mkono wa kulia ukiwa umeinuliwa nusu. Watu wote kwenye mabenchi wamegeuka. Hakuna anayetazama ukuta tena, wanautazama mkono.

"Usithubutu!" anapiga kelele kinyozi mmoja kutoka benchi la mbele.

"Nyamaza utazame," anajibu mwanamke, na mkono anaushusha mapajani. Kule ukutani wapenzi wanabusiana, busu fupi la watu wanaoogopa kuachwa na treni, na ukumbi mzima unashangilia kama timu yao imefunga bao.

Huyo ndiye Mama Kiganja. Jina hilo hakupewa na wazazi wake bali na watazamaji. Kwa miaka sita, ukiacha kukagua tiketi na kufagia maganda ya karanga, kazi yake kubwa ilikuwa kuziba lenzi kwa kiganja kila lilipotokea jambo ambalo yeye aliona halifai kutazamwa mbele za watu. Ukuta ulikuwa ukiingia giza, watu wakizomea, naye akihesabu kimoyomoyo mpaka ahisi hatari imepita.

Ukumbi wenyewe una historia yake. Ulianza kama ghala la magunia, kisha ukapangishwa kwa bwana mmoja aliyeweka mapazia mazito na kuonyesha picha za ngono usiku, wanaume peke yao ndani. Mama Kiganja alikuwa mfagiaji wake wa asubuhi.

"Nilikuwa nafagia nimefumba macho, kwa yale mabango yaliyokuwa ukutani," anasema na kucheka. "Ndiyo maana pembeni hapakuwa pakitakata."

Bwana yule alipohama, mwenye jengo alimwuliza mfagiaji kama anamjua mtu wa kupanga. Mfagiaji akajitaja mwenyewe. Mumewe, fundi seremala, alibeba mbao akaja kutengeneza mabenchi, na hakuchukua muda kabla ya kuanza kusikia maneno.

"Wenzangu waliniambia mke wangu amepanga nyumba ya uchafu, ile ya kona, mlango wa bluu, ngazi tatu," anasimulia fundi. "Nikawauliza, mbona mnaijua vizuri hivyo?"

Walipaka chokaa. Walitoboa madirisha mawili ili mchana mwanga uingie. Lakini la kuvunda halina ubani, majirani wakasema, na wanawake wakaendelea kuvuka barabara ili wasipite mbele ya mlango ule. Onyesho la kwanza lilikuwa katuni, bure, na likapata watazamaji sita. Watatu walikuwa watoto wake.

Hapo ndipo kiganja kilipozaliwa. Alitaka pasiwe na mtu hata mmoja wa kumnyooshea kidole. "Wanasema jina jema hung'aa gizani," anasema, "na mimi kazi yangu yote iko gizani, kwa hiyo nililihitaji kuliko mtu mwingine."

Tatizo la kiganja ni kwamba hakizibi sauti. Fundi seremala anakumbuka jinsi siku moja, lenzi ikiwa imezibwa, mtu kwenye filamu alivyokuwa akifungua chupa ya soda tu, na ukumbi wote ukaguna kwa masikitiko ya kunyimwa. "Ukizuia macho, masikio yanatunga yake," anasema. "Na ya masikio ni mabaya zaidi."

Hata hivyo, polepole mambo yakaenda. Wanawake walianza kuja wawili wawili, kisha na watoto. Jumamosi nzuri Mama Kiganja huuza tiketi sitini, kila moja kwa bei ya chupa ya soda. Siku ya mvua, ishirini akibahatika. Kwenye fedha hizo ametoa ada ya chuo ya kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na tisa ambaye siku asizosoma huketi mlangoni kukata tiketi.

Mwaka huu ndipo mambo yalipochafuka, na aliyeyachafua ni bibi mmoja mkunga mstaafu, mpole wa sauti, aliyekuja na wajukuu zake.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya ndoa. Mume alirudi nyumbani, akakuta chakula hakijaiva, akamzaba mkewe kofi lililomwangusha juu ya meza. Baadhi ya wanaume walicheka. Kinyozi alipaza sauti, "Mwongeze!" Kiganja kilikuwa kimetulia mapajani. Baadaye yule mume akajuta, akapiga magoti, akaomba msamaha akilia, akamkumbatia mkewe na kumbusu kwenye paji la uso. Kiganja kikapanda. Giza.

Mkunga hakuzomea. Alisubiri taa ziwashwe, akamfuata mwenye ukumbi pale pale kwenye stuli.

"Mwanangu," alimwambia, "kofi umetuonyesha lote mpaka meno ya yule mama yalivyotikisika. Msamaha ukatuwekea giza. Hawa wajukuu wangu wanaondoka hapa na lipi?"

"Nikamwambia, bibi, mimi naziba machafu," anakumbuka Mama Kiganja. "Akaniuliza, na lile kofi lilikuwa safi?"

Swali halikumtoka wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akaamua kujaribu. Bondia mmoja alipomvamia mkewe kwenye filamu, kiganja kikapanda. Mtu na mkewe walipobusiana mlangoni, kikatulia.

Wacha pachimbike. "Shemeji, sisi tumelipa kuona ngumi!" alilalamika kinyozi, aliyekuwa akimwita shemeji kwa sababu fundi seremala ni rafiki yake. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani wa nyumba ya pili, alimshika mjukuu wake mkono akatoka naye bila kuaga. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki kwamba ukumbi umerudia biashara yake ya zamani.

Maneno hayana miguu lakini hufika kabla ya mtu. Wiki iliyofuata waliingia watu kumi na mmoja tu. Mwenyekiti akaja kumweleza kwamba mtaa utakaa kikao, na wasiporidhika, kibali chake kitasimamishwa kwa kosa la kuonyesha picha chafu.

Hapo ndipo pekee kwenye mazungumzo yetu ambapo Mama Kiganja anaacha kucheka. "Riziki ningetafuta kwingine, hata kufagia najua," anasema. "Lakini binti yangu angeitwa mtoto wa pale. Angeolewa, angezaa, angezeeka, bado angekuwa mtoto wa pale. Hilo lilinikosesha usingizi."

Kikao kilifanyika ndani ya ukumbi wenyewe, Jumapili mchana, na haujawahi kujaa vile. Watu walioapa kwamba hawatakanyaga humo maisha yao waliingia wa kwanza na kushika viti vizuri.

Penye wengi pana mengi. Mwalimu alisimama akasema mtoto akiona busu leo, kesho atalitafuta.

"Na akiona kofi?" aliuliza mkunga.

"Ngumi za filamu si za kweli, kila mtu anajua," alidakia kinyozi.

"Kwani mabusu ndiyo ya kweli? Wale wote wamelipwa!" mkunga alimrudia.

Binti wa tiketi, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, naye aliomba nafasi. "Shikamooni wazee. Mimi nauliza tu. Mwanamke akivaa nguo fupi mnataka azibwe. Mwanamume akitembea kifua wazi filamu nzima, mnasema shujaa. Kifua si kifua?"

Wazee kadhaa walisonya. Wanawake wa nyuma walipiga makofi, kisha wakanyamaza haraka kwa kuwa waume zao waligeuka. Mkunga ndiye aliyeituliza hewa. "Mficha uchi hazai," alisema. "Mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu. Wengi wenu mnaojifanya wakali humu, nimewaona hamjavaa hata soksi."

Ukumbi ulipomaliza kucheka, Mama Kiganja akasimama.

"Mzee mwenyekiti, mkono wangu umechoka," alisema. "Naiweka tena filamu ileile ya ndoa. Mwenye kuona pa kuziba, aje azibe mwenyewe."

Wa kwanza kujitokeza alikuwa mwalimu. Alifuta miwani yake, akakaa wima, na mwanamke aliyevaa gauni lisilo na mikono alipotokea anavuka barabara, akaziba. Akasahau kuuondoa mkono. Barabara ikapotea, harusi ikapotea, wageni wa harusi wakapotea. Mama mmoja akaja kuziba chupa za pombe. Mwingine akaziba mchawi. Mkunga akaziba kofi, na safari hii hakuna aliyesema "mwongeze."

Kinyozi alikuwa ametangaza kwamba yeye hatoziba chochote, yeye ni mtu mzima. Ilipofika sehemu ambapo mama wa bwana harusi anafariki kitandani hospitalini, aliruka mabenchi mawili na kufunika lenzi kwa mikono yote miwili. Mwaka jana alimzika mama yake. Alisimama pale akiwa amewapa watu mgongo, na hakuna aliyemzomea. Fundi seremala alikwenda akasimama karibu naye mpaka sehemu ile ikaisha.

Kufikia nusu saa ya mwisho, mikono minne ilikuwa inagombea lenzi moja. Filamu ilikuwa giza tupu yenye sauti. Mlango ukalia, mtu asiyejulikana akasema, "Njoo karibu, usiogope," na ukumbi ukaangua kicheko ambacho, kwa maelezo ya waliokuwepo, kilisikika mpaka kituo cha mafuta. Hata mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Taa zilipowashwa, mwenyekiti aliuliza nani ameelewa filamu ilihusu nini. Watu wakaanza kuulizana. Basi mwenyekiti mwenyewe akakohoa, akaangalia kofia yake.

"Mimi nilikuwa nasubiri pale yule bwana anapoomba msamaha," alisema. "Nina miaka arobaini kwenye ndoa. Sijawahi kujua mtu anaanzia wapi."

Sauti ya mkewe ikatoka benchi la nyuma: "Jamani, muonyesheni!"

Wakamwonyesha. Kumbatio, machozi, busu la kwenye paji, vyote bila mkono wa mtu. Mwalimu aliziba macho yake mwenyewe, jambo ambalo ni haki yake, ingawa waliokaa karibu wanadai vidole vilikuwa vimeachana.

Kibali hakikuondolewa. Walikubaliana pawe na ubao mlangoni unaoeleza filamu ina nini, makofi, mabusu, damu au pombe, ili kila mtu ajichagulie, na kwamba watoto wawe na saa zao ambazo kiganja kitaendelea kufanya kazi. Picha za ngono za zamani hazikupata mtetezi, hata miongoni mwa wale wanaosemekana walikuwa wateja wa kudumu. Siku hizi Jumamosi huingia watu mpaka wengine wanasimama, na mwalimu huja mapema kusahihisha ubao kwa chaki yake mwenyewe.

Lakini Mama Kiganja hajaridhika. "Zamani mtu akitaka uchafu ilibidi apande zile ngazi tatu, watu wakimwona," anasema. "Sasa hivi uko mfukoni, kwenye simu, na kijana anaangalia amejifunika shuka. Kiganja changu hakifiki mfukoni mwa mtu. Kule lazima kwende maneno."

Ndiyo maana kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, amepanga siku ya wazazi na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima. Filamu ya mapenzi itaonyeshwa bila kuzibwa, taa zitawashwa, mkunga atakaa mbele, na mwenye swali atauliza. Mwenyekiti ameomba kuja na mkewe, ingawa watoto wao wanaishi mbali.

Kabla ya kuwaalika wengine, Mama Kiganja aliona ajaribu nyumbani kwake kwanza. Siku moja mchana ukumbi ulikuwa mtupu, fundi yuko uani anapiga randa, akamwita binti yake wakakaa benchi la pili, wakatazama filamu nzima, wala hakunyanyua mkono.

"Ilipoisha nikawasha taa, nikaanza kuzungumzia benchi linavyoyumba," anasema huku amejifunika uso kwa kicheko. "Nikasema lazima baba yako alitazame hili benchi. Nikasema tena. Mtoto ananiangalia tu."

Binti alingoja mpaka habari za benchi zikaisha. Kisha akamwuliza, "Mama, unataka kuniuliza nini?"

"Nikamwambia, nataka kujua mnaona nini huko kwenye simu zenu, na kinawafundisha nini kuhusu mapenzi. Na kama kuna kitu kimekutisha, mimi sikukuuliza. Miaka yote nimeziba tu, sijakuuliza."

Binti alisogea karibu, akalaza kichwa begani mwa mama yake, akaanza kueleza. Watazamaji wa jioni walifika, wakagonga mlango, wakaita, wengine wakaanza kudai waonyeshwe mwenye ukumbi.

"Niliwasikia," anasema Mama Kiganja. "Sikuwafungulia."